Hojaji ya PBQ kwa vikosi vya Mombasa: jicho la mwenzako linaona nini, na linapitwa na nini

Kwa kazi moja hojaji ya PBQ ni nzuri sana, nayo ni kuweka kwenye karatasi, mapema, jinsi mtu alivyokuwa wakati mambo yanaharibika: risasi zikilia, boti ikipinduka, maiti wakitolewa kwenye vifusi. Kwa kazi ya pili, ya kusema huyu mgonjwa na yule mzima, haifai hata kidogo. Tunatanguliza hukumu hii kwa sababu fomu kama hii ikifika mezani kwa msimamizi bila maelezo, kishawishi cha kuitumia kwa ile kazi ya pili ni kikubwa, na anayeumia ni askari wa chini.

Jina lake kamili ni Peritraumatic Behavior Questionnaire. Iliandikwa na watafiti waliokuwa wakifuatilia askari wa Marine wa Marekani kabla na baada ya kupelekwa vitani, katika utafiti ulioitwa Marine Resiliency Study, na makala ya kuitambulisha ilitoka mwaka 2013 kwenye jarida la BMC Psychiatry. Jarida hilo husomwa bure. Maswali ni 15. Matoleo ni mawili: moja mtu hujijazia mwenyewe, la pili hujazwa na mwenzake aliyekuwepo. Lile la kujijazia ndilo lililopimwa katika makala hiyo, kwa askari 688. Hili la mtazamaji ndilo tunalolitathmini hapa, na tangu mwanzo tuseme wazi: sifa za toleo la kwanza zisivishwe la pili. Ni maswali ya ukoo mmoja, lakini anayejibu ni mtu mwingine, na kosa analoweza kufanya ni la aina nyingine.

Wanaoweza kufaidika nayo Mombasa si wanamaji wa Mtongwe peke yao. Walinzi wa pwani, polisi wa doria, wazimamoto wa bandarini Kilindini, wahudumu wa ambulensi, wapiga mbizi, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, wote hufanya kazi katika vikundi vidogo ambamo mtu humwona mwenzake kwa karibu. Ila hojaji ilitungwa kwa ajili ya vita. Mkibadilisha maneno yake ili yaingie kwenye ajali ya feri au moto wa ghala Changamwe, fanyeni hivyo kwa nia njema, lakini alama zenu msizilinganishe tena na za Marine. Linganisheni kikosi chenu na kikosi chenu.

Kwa nini aulizwe mwenzake

Maradhi ya mfadhaiko wa baada ya kiwewe, ambayo kliniki zote huyaita PTSD, hayatabiriwi na ukubwa wa tukio peke yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2003, uliokusanya tafiti 68, ulipima vitu saba vinavyoweza kuyatangulia: kiwewe cha zamani, afya ya akili ya awali, maradhi ya akili katika ukoo, hisia ya kwamba maisha yako hatarini, msaada wa jamaa na marafiki baadaye, hofu na hisia kali wakati wa tukio, na akili kujitenga na tukio lenyewe linapotokea. Hicho cha mwisho ndicho kilichohusiana zaidi na PTSD. Ni ile hali mtu anajiona kama anatazama sinema, sauti zinasikika kwa mbali, mikono yake anaiona si yake. Uhusiano wenyewe ulikuwa 0.35. Namba hiyo ni ya kweli na ina maana, lakini ikizidishwa kwa yenyewe inabaki takriban asilimia 12 tu ya tofauti baina ya mtu na mtu. Anayekuambia kwamba tabia ya mtu siku ya tukio inatosha kumtabiria hatima yake, anakuuzia kisichokuwepo.

Shida nyingine ni kwamba ushahidi mwingi wa namna hiyo ulitokana na kumwuliza mtu mwenyewe, tena baada ya muda kupita, na kumbukumbu ya vita haikai ilivyowekwa. Askari 59 wa akiba wa Marekani waliotoka vita vya Ghuba waliulizwa maswali 19 yale yale mara mbili, mwezi mmoja baada ya kurudi na tena baada ya miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1997: asilimia 88 walibadilisha angalau jibu moja, na asilimia 70 walitaja baada ya miaka miwili jambo ambalo mwanzoni hawakulitaja. Waliokuwa na dalili nyingi zaidi za PTSD ndio walioelekea kuongeza zaidi. Watu hawa hawakuwa waongo. Anayeamshwa na ndoto kila usiku huitazama siku ile kupitia ndoto zake, na maradhi ya leo huipaka rangi kumbukumbu ya jana. Ukimwuliza mwaka wa pili kama akili ilimtoka siku ile, hujui tena kama unapima sababu au unapima matokeo.

Hapo ndipo karatasi ya mwenzake inapata thamani yake. Aliyekuwa pembeni hasumbuliwi na maradhi ya yule anayemwandika, na akiandika ndani ya siku tatu, karatasi ile haitabadilika tena hata kama kumbukumbu za wote wawili zitabadilika. Hojaji kongwe ya PDEQ, inayopima akili kujitenga na tukio, nayo ina toleo la mpimaji, lakini mpimaji wake ni mtaalamu anayemsikiliza mtu akisimulia. Utafiti wake maarufu wa mwaka 1994 ulihusu wanajeshi 251 waliopigana Vietnam, miaka mingi baada ya vita. Anayepimwa hapo ni msimulizi. Toleo la mtazamaji la PBQ linamtaka aliyekuwepo, na hii ndiyo sababu kubwa ya sisi kulipendelea.

Kelele humeza kimya

Kasoro kubwa kuliko zote haiko kwenye karatasi, iko kwenye jicho. Jicho hufuata kelele. Anayepiga mayowe, anayekimbia ovyo, anayefyatua risasi bila kulenga, anayelia kwa sauti, huyo kila mtu atamwandika. Aliyesimama kwa ndani huku mikono yake inaendelea na kazi hakuna atakayemwandika, na wengine watamsifu kwa utulivu. Mafunzo ya kijeshi na ya uokozi yamekusudiwa hasa kuufanya mwili uendelee hata akili ikiwa imekwama. Mtu anafunga bandeji, anabadilisha magazini, anajibu redio, na kesho yake hakumbuki hata moja. Ndiye yule ambaye hojaji inapaswa kumnasa, na ndiye anayepita katikati ya nyavu.

Anaweza kunaswa, lakini mtazamaji lazima afundishwe kabla, si baada. Aangalie macho na jibu. Macho ya mtu huyu hukaa sehemu moja, hayafuati mwendo wa vitu vilivyo mbele yake. Ukimwita jina, jibu linachelewa, au halitoki mpaka umguse bega. Likitoka, sauti ni bapa, haipandi wala haishuki. Mikono hurudia jambo lililokwisha: anakaza tena tonikete (mkanda wa kuzuia damu) iliyokwisha kukazwa, anafungua na kufunga mfuko wa dawa bila kutoa kitu. Ana jeraha linalovuja damu na halijui. Vitu hivi ni vidogo, vinaonekana kwa sekunde chache, na asiyeambiwa avitafute hatavikumbuka hata akipewa fomu saa ile ile.

Njia bora ya kumzoesha mtazamaji ni kumpa kazi ya kumsaidia mwenzake, maana anayesaidia huona zaidi kuliko anayetazama. Jeshi la Marekani lina utaratibu mfupi unaoitwa iCOVER, uliotoholewa kutoka kwa jeshi la Israeli, wenye hatua sita: mtambue aliyeganda, mfikie kwa sauti, kwa macho na kwa kumgusa, mwambie uko naye, mwulize maswali mawili matatu mepesi ya ukweli, mpangie kilichotokea, kinachotokea sasa na kitakachofuata, kisha mpe kazi moja yenye maana. Yote hayo huchukua kama dakika moja. Hatua ya nne ndiyo dhahabu ya hojaji yetu. Anayeulizwa "sisi tuko wapi, nani yuko kushoto kwako" akakosa jibu, mtazamaji ana kitu cha hakika cha kuandika baadaye, si hisia tu kwamba "alikuwa kama hayupo".

Tusisahau pia kwamba mtazamaji naye alikuwa ndani ya tukio. Hofu hubana upeo wa macho; mtu huona mtutu wa bunduki na asione aliye mita mbili kando yake. Kwa hiyo fomu moja ya mtazamaji mmoja ni ushahidi dhaifu. Ziwe mbili.

Sifuri na "sikumwona" ni vitu viwili

Kama kuna marekebisho moja tu mtakayofanya kwenye nakala yenu, yawe haya. Hakikisheni kila swali lina nafasi ya kuandika "sikumwona". Swali likiuliza kama mtu alionekana kuchanganyikiwa, na mtazamaji alikuwa nyuma ya ukuta au upande wa pili wa boti, jibu la haki si sifuri. Sifuri maana yake ni "nilimwona, na hakuchanganyikiwa". Pasipo nafasi hiyo, watu wenye adabu hujaza sifuri ili wasiache pengo, na sifuri hizo za adabu ndizo zinazoshusha alama za wale waliokuwa mbali na wenzao. Mara nyingi hao walioachwa peke yao ndio waliokuwa katika hali mbaya zaidi.

Fomu yenye "sikumwona" zaidi ya tatu kati ya maswali 15 msiijumlishe. Ihifadhini kwa kilichoandikwa, lakini jumla yake itadanganya.

Jinsi ya kuijaza bila kuiharibu

Kwanza usalama, maji, chakula na usingizi wa usiku mmoja. Kumpa mtu karatasi wakati mikono bado inatetemeka ni ukatili, na majibu yenyewe hayatakuwa na maana. Halafu, kabla ya kikao chochote cha kikosi cha kupitia tukio, watazamaji wawili wajaze kila mmoja peke yake, mbali na mwenzake. Mpangilio huu ni wa lazima. Kikao kikitangulia, simulizi ya mwenye sauti kubwa au mwenye cheo ndiyo itakayojaza fomu zote. Kundi la WhatsApp la kikosi hufanya uharibifu uo huo kwa saa mbili tu. Siku ya pili au ya tatu baada ya tukio ndiyo wakati mzuri. Ikipita wiki, mnaandika hadithi.

Watazamaji wawe wa cheo kimoja na anayeandikwa, au karibu nacho. Koplo akimwandika sajini wake ataandika utulivu mtupu. Sajini akimwandika koplo ambaye wamewahi kugombana, ugomvi utaingia kwenye namba. Kuna kosa lingine la kibinadamu ambalo ni gumu kuliko hilo: shujaa wa siku hupewa sifuri kila mahali, hata kwenye maswali yasiyohusiana na ushujaa, na asiyependwa hupewa alama juu kila mahali. Dalili yake inaonekana kwa macho: fomu yenye namba moja iliyorudiwa kutoka juu hadi chini. Mrudishieni mtazamaji kwa upole, aeleze kwa kila alama ya juu alichokiona, kwa sentensi moja yenye kitendo. "Alikaza tonikete mara tatu" inakubalika. "Alikuwa mwoga" haikubaliki, hiyo ni hukumu.

Hojaji yenyewe iko kwa Kiingereza. Msimwache kila mtazamaji atafsiri kichwani mwake. Tafsirini mara moja, kwa maandishi: watu wawili watafsiri kila mmoja kivyake, wakae wapatane, kisha mtu wa tatu ambaye hajaiona ya asili airudishe Kiingereza, mlinganishe. Halafu isomeni kwa watu watano sita wa kikosi na kuwauliza wameelewa nini katika kila swali, kabla haijatumika hata mara moja.

Na jambo la pwani hasa: karatasi. Jasho na chumvi huyeyusha wino wa kalamu za jeli, na fomu iliyokaa mfukoni mwa gwanda siku moja baharini hurudi ikiwa madoa. Tumieni penseli au bolipeni ya kawaida, na folda ngumu ya plastiki inayofungwa. Juu ya fomu iandikwe namba ya siri badala ya jina, na orodha ya kuunganisha namba na majina ikae mahali pengine, kwa mtu mwingine.

Hesabu inayowadanganya wengi

Watu wawili wakijaza, mtataka kujua kama wanakubaliana. Msitosheke na asilimia. Chukueni mfano wa kikosi cha watu 20 na swali moja, kuganda. Mtazamaji wa kwanza anasema wawili waliganda. Wa pili naye anasema wawili, lakini wawili wengine kabisa. Wamekubaliana kwa watu 16 kati ya 20, yaani asilimia 80, na ripoti itapendeza. Kumbe hata wangejaza kwa kubahatisha, kila mmoja akichagua wawili ovyo, wangekubaliana kwa takriban asilimia 82. Kipimo cha kappa, kinachotoa sehemu ya bahati, kinakuwa hasi: (0.80 − 0.82) ÷ 0.18, ambayo ni karibu −0.11. Maana yake watazamaji hawa hawakubaliani hata kidogo kuhusu jambo pekee lenye umuhimu, nani aliganda. Kila tabia inapokuwa adimu, asilimia ya makubaliano hupanda yenyewe. Ombeni kappa, au angalau muulize: kati ya wale waliotajwa na yeyote, wangapi walitajwa na wote wawili?

Hesabu ya pili ni ya utabiri. Shirika la Afya Duniani hutaja kwamba kiasi cha asilimia 70 ya watu duniani hupitia tukio la kiwewe maishani, lakini kati ya waliopitia, asilimia 5.6 hivi ndio wanaopata PTSD. Kwa vita vikali kiwango huwa juu zaidi, ila kwa mfano tu tuseme watu 6 kati ya 100 wataugua. Hojaji ikiwanasa 4 kati ya hao 6, na kuwagusa kimakosa 20 kati ya wazima 94, mtakuwa na majina 24, na wagonjwa ndani yake ni 4. Mmoja kati ya sita. Na wawili walio wagonjwa hawamo kwenye orodha. Ndiyo maana tunasema orodha hiyo ni ya watu wa kutembelewa mapema, wala si ya watu wa kuondolewa kazini, na wasiomo kwenye orodha nao wafuatiliwe vile vile, kwa utaratibu mwepesi zaidi.

Ikilinganishwa na TRiM

Anayetaka utaratibu mzima badala ya fomu moja atasikia habari za TRiM (Trauma Risk Management), uliozaliwa ndani ya Royal Marines wa Uingereza katika miaka ya 1990. Pale mwenzako aliyefundishwa anakuhoji karibu siku ya tatu, akipitia kabla, wakati na baada ya tukio, halafu anapima mambo 10 ya hatari, kila moja 0, 1 au 2, jumla isizidi 20. Anarudia baada ya mwezi. Mambo hayo ni kama kuhisi umepoteza udhibiti, kuona maisha yako yako hatarini, kuwalaumu wengine, aibu na hatia, kukosa watu wa kukushika mkono, na pombe.

Nguvu ya TRiM ni ile safari ya pili ya mwezi mmoja, kwa sababu alama inayokataa kushuka husema mengi kuliko alama iliyo juu siku ya tatu. Udhaifu wake kwa bajeti zetu ni kwamba inahitaji mafunzo ya kulipia, na tena inamtegemea anayehojiwa aseme kweli. Jaribio lililofanywa kwenye meli za kivita za Uingereza na kuchapishwa mwaka 2010 halikuonyesha madhara, wala halikuonyesha tofauti kubwa ya afya ya akili. Sisi tungeziweka pamoja: PBQ ya mtazamaji siku ya pili au ya tatu, mazungumzo ya mtindo wa TRiM siku ya tatu, na mazungumzo tena mwezi ukitimia.

Swali la pombe likitumiwa huku lifanyiwe marekebisho. Kijana ambaye hagusi pombe kwa dini yake atajibu hapana na kuonekana salama, kumbe anatafuna muguka usiku kucha ili asilale akaota. Kaunti ilijaribu kuipiga marufuku Mei 2024, na bado ni rahisi kuipata. Ulizeni pombe, miraa, muguka na vidonge, kila kimoja kwa jina lake, na ulizeni kama kimeongezeka tangu tukio.

Mwezi ukitimia

Katika wiki nne za mwanzo, ndoto mbaya, kushtuka na kukosa usingizi ni vya kawaida, na kwa wengi hupungua vyenyewe. PTSD haitajwi kabla ya mwezi mmoja kupita. Ndipo mtu ajaze PCL-5, hojaji ya dalili za PTSD: maswali 20, kila moja 0 hadi 4, jumla 0 hadi 80, na mpaka unaotumika sana wa kumpeleka mtu mbele ni kati ya 31 na 33. Ni ya umma, haina malipo, hutolewa na kituo cha taifa cha PTSD cha Marekani. Anayevuka mpaka huo ahojiwe na mtaalamu, ikiwezekana kwa CAPS-5, mahojiano maalumu ya kupima PTSD. Mombasa, hospitali kuu ya Pwani pale Makadara na ile ya Port Reitz zina huduma za afya ya akili, na laini ya 1199 ya Msalaba Mwekundu hupigiwa bure.

Mwezi wa Ramadhani ukiangukia ndani ya kipindi hicho, swali la usingizi la PCL-5 liulizwe kwa uangalifu. Anayeamka kula daku kila usiku ana usingizi uliokatika bila kiwewe chochote. Mwulize kama akirudi kitandani usingizi unamjia, na kama anachelewesha kulala kwa kuogopa ndoto. Jibu la pili ndilo lenye uzito.

Mambo mawili yasifanywe katika mwezi wa kwanza. Kuwakusanya wote kikao kimoja cha lazima wasimulie kila kitu kwa kina: uchambuzi wa Cochrane wa mwaka 2002 haukupata kwamba kikao kimoja cha aina hiyo kinazuia PTSD, na katika baadhi ya tafiti waliopitia kikao walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye. La pili, vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepam. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unakataza kuwapa watu wazima kwa dalili za kiwewe katika mwezi huo wa kwanza, na kwenye duka la dawa mtaani mtu huvipata kwa urahisi kuliko anavyompata mshauri nasaha.

Faili linakaa wapi

Hapa ndipo hojaji nzuri hufia. Fomu inayosema "aliganda" ikiingia kwenye faili la nidhamu au la kupandishwa cheo, itakuwa ya mwisho kujazwa kwa ukweli katika kikosi hicho. Kila mtu atajua ndani ya wiki moja, na tangu siku hiyo kila anayeandikwa atakuwa mtulivu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Anayeandikwa ana haki ya kujua zinakusanywa kwa nini na kuziona. Zikae kwa tabibu au mshauri, si kwa kamanda. Kamanda apewe idadi tu: katika kikosi cha 30, wanane wanahitaji kufuatiliwa. Majina abaki nayo anayefuatilia.

Na kuganda si utovu wa nidhamu. Ni mwili kufanya ulichoumbwa kufanya ukizidiwa, na mtu yule yule anaweza kuganda Jumatatu na kuokoa watatu Alhamisi. Hili lisemwe kwa sauti na kiongozi mwenyewe, mbele ya kikosi, kabla fomu ya kwanza haijagawiwa.

Kikundi kinachotaka kuanza, kianze na wapiga mbizi au wahudumu wa ambulensi, kabla ya platuni nzima. Gari lilipotumbukia kutoka feri ya Likoni Septemba 29, 2019, lilitafutwa mpaka Oktoba 11. Katika kazi ya namna ile, chini ya maji yenye giza, shahidi pekee wa mpiga mbizi ni mwenzake aliyeshuka naye, na wawili wa ambulensi nao hawapotezani machoni. Pale safu ya "sikumwona" itakuwa karibu tupu, mtaona upesi kama maswali yenu yameeleweka, na kwa jozi kumi mtakuwa na fomu 20 za kufanyia mazoezi ya kujaza na kusahihisha. Ila kwa jozi mtazamaji ni mmoja tu kwa kila mtu, kwa hiyo kappa isubiri kikosi kikubwa zaidi.